Sentimita mbili za mtoto aliyefiwa na mama



Katika Injili yake, sura ya 2 aya ya 52, Luka anafunga habari za utoto wa Bwana wetu kwa aya fupi ambayo wengi tunaipita mbio. Anatueleza kuwa kijana yule wa Nazareti aliongezeka hekima, akaongezeka kimo, na watu wakampenda kama Mungu alivyompenda. Hekima tunaihubiri kila muhula wa shule unapoanza. Kupendwa na Mungu na watu tunakuombea kwenye kipaimara na kwenye harusi. Kimo tunakiruka. Sikumbuki kusikia mahubiri hata mara moja juu ya kimo cha Yesu.

Lakini Luka, ambaye Paulo anamwita tabibu katika waraka kwa Wakolosai, aliona neno hilo linastahili kuandikwa. Mtoto alirefuka. Na alirefukia katika nyumba ya Yusufu seremala, mtu ambaye hakumzaa. Nyumba yenyewe haikuwa ya watu wenye nafasi. Siku ya kumpeleka mtoto hekaluni wazazi walitoa sadaka ya ndege, ambayo torati iliiruhusu kwa mama asiyeweza kumudu mwanakondoo. Kwa hiyo chakula cha nyumba ile hakikuwa kingi, ila kilichokuwapo kilimfikia mtoto.

Nimerudi kwenye aya hiyo kwa sababu ya utafiti uliofanyika mkoani Kagera, ambao kipimo chake kimojawapo kilikuwa hicho hicho: kimo cha mtoto.

Wenye umri mkubwa kidogo wanakumbuka Kagera ilipitia nini. Vita ya mwaka 1978 na 1979 ilikuwa haijasahaulika, na mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini wakagunduliwa mkoani humo. Kabla ugonjwa haujapata jina la kitabibu watu waliuita Juliana, kwa jina la mashati yaliyokuwa yakiingia na wafanyabiashara wa mpakani. Kufikia mwaka 1987, Bukoba mjini, karibu robo ya watu wazima walikuwa na virusi. Migomba ilibaki imesimama vibanjani, na waliokuwa wakiipalilia wamezikwa chini yake. Bibi wa miaka 60 na 70 walianza upya kuosha vikombe vya uji vya watoto wadogo.

Katika hali hiyo, mwaka 1991, Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza kuzitembelea kaya zaidi ya 900 za mkoa huo. Walizirudia kila baada ya miezi sita au saba hadi mwaka 1994. Waliuliza nani anaishi hapa, nani amefariki tangu tulipopita, mnalima nini, mmetumia kiasi gani, mtoto huyu yuko darasa la ngapi. Na watoto wakapimwa uzito na kimo.

Kisha watafiti wakafanya jambo ambalo tafiti nyingi hazilifanyi. Mwaka 2004 walirudi kuwatafuta watu wale wale. Waliohama walifuatwa Mwanza, Dar es Salaam, hata Uganda, kwa kuuliza ndugu na majirani. Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon walichukua watoto 718 ambao mwanzoni walikuwa na baba na mama wote wawili hai, na sasa walikuwa watu wazima. Asilimia 19 kati yao walikuwa wamempoteza mzazi mmoja au wote wawili kabla ya kutimiza miaka 15. Uzuri wa kazi hii ni kwamba watafiti waliwajua watoto kabla msiba haujaingia nyumbani. Walijua nyumba ilikuwa na hali gani na mtoto alikuwa na afya gani. Kwa hiyo aliyefiwa alilinganishwa na asiyefiwa waliyeanza naye safari wakiwa wanafanana.

Matokeo? Mtoto aliyefiwa na mama kabla ya miaka 15 alikuwa mtu mzima mfupi kwa sentimita 2 kuliko mwenzake ambaye mama alibaki hai. Alikuwa pia amesoma mwaka mmoja pungufu. Watafiti wakaligeuza pengo hilo kuwa fedha, wakaona linalingana na matumizi yaliyo chini kwa asilimia 8.5. Mwenzake akiwa anatumia shilingi 100,000, yeye anatumia kama 91,500, na ni hivyo mwaka hata mwaka.

Sentimita 2 ni upana wa kidole gumba. Msomaji atasema: hilo nalo ni jambo? Watu wafupi wanaishi, wanaoa, wanaolewa, wanahubiri. Ni kweli. Ila kimo cha mtu mzima ni kama daftari ambalo mwili umeandika bila kujua. Kila kipindi cha njaa, kila homa iliyokaa wiki mbili bila dawa, kila mwaka ambao uji haukuwa na chochote ndani yake zaidi ya unga na maji, vyote vimeingizwa humo. Na daftari likishafungwa, mtu anapofika utu uzima, halifunguliwi tena. Chakula unachompa kijana wa miaka 25 kitamshibisha na kumnenepesha, lakini hakitamrudishia zile sentimita.

Angalieni pia kwamba yaliyopungua kwa mtoto yule ni yale yale aliyoyataja Luka: kimo, na ile hekima inayopatikana darasani.

Utafiti mwingine uliotumia takwimu za kaya hizo hizo, wa Martha Ainsworth, Beegle na Godlike Koda, ulitazama mambo ya shule kwa karibu zaidi. Watoto waliofiwa na mama walichelewa kuandikishwa darasa la kwanza. Saa za shule zilianza kupungua hata kabla ya kifo, katika ile miezi ya kuuguza, maana mtu anapolala kitandani lazima awepo wa kuchota maji na kupika. Na mzazi akishafariki, wasichana ndio waliopunguza ghafla saa za kuwa darasani. Mama yeyote wa kijijini angeweza kuyasema hayo bila kwenda chuo kikuu. Tofauti ni kwamba sasa yameandikwa, na mtu hawezi kuyakana kwa kusema "mbona mtoto wa fulani alisoma mpaka akawa daktari". Huyo yupo, tena wapo wengi. Watafiti wanazungumzia wastani, na wastani haumzuii Mungu kumwinua mtu mmoja mmoja.

Nisieleweke kwamba baba hana maana. Pengo hili la kudumu lilionekana kwa waliofiwa na mama, lakini mjane aliyenyang'anywa kibanja na ukoo wa mumewe anajua vizuri baba alikuwa akizuia nini.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu wiki hii. Tunaposema umaskini, picha inayotujia ni nyumba: nyumba ya nyasi, nyumba isiyo na mlango. Hata serikali hupima hivyo. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa mwaka 2017/18 ulionyesha kwamba asilimia 26.4 ya Watanzania waliishi chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Ili kupata namba hiyo, wapimaji huchukua matumizi ya kaya nzima na kuyagawa kwa watu waliomo, wakiweka uzito kidogo kulingana na umri. Hesabu hiyo ina imani kubwa ndani yake. Inaamini kwamba sufuria likishaepuliwa kila aliyemo ndani hupata fungu lake.

Je, hupata?

Mwaka 2004, Anne Case, Christina Paxson na Joseph Ableidinger walichapisha uchunguzi wa nchi 10 za Afrika kusini mwa Sahara. Hawakulinganisha yatima na mtoto wa tajiri aliye mtaa wa pili. Walimlinganisha na mtoto asiye yatima anayelala naye chini ya paa moja. Yatima alikuwa na nafasi ndogo zaidi ya kuwa shuleni. Umaskini wa nyumba peke yake haukutosha kulieleza pengo hilo, kwa sababu wote wawili walikuwa katika umaskini ule ule. Kilicholieleza zaidi ni undugu. Kadiri mtoto alivyokuwa mbali kwa damu na mkuu wa kaya, ndivyo nafasi yake ya kusoma ilivyopungua. Anayelelewa na bibi yake mzaa mama alikuwa na nafuu kuliko anayelelewa na mke wa binamu ya baba.

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na sisi huutumia msemo huo kuwasifu akina mama. Wasomi hawa wamezitazama takwimu za nchi 10 wakauona msemo ule ule kwa upande wake wa giza: asiye mzazi haujui uchungu huo, na mtoto hulipa.

Tangu hapo mambo yamebadilika. Kwetu ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2001, na kuanzia 2016 elimu bila ada ikafika kidato cha nne. Hilo lilifungua mlango kwa mamilioni, na tumshukuru Mungu kwa hilo. Lakini sare bado inashonwa kwa fedha. Daftari linanunuliwa. Na asubuhi bado kuna ng'ombe wa kukamwa, mdogo wa kubebwa na ndoo ya kufuatwa kisimani, na katika nyumba nyingi yupo mtoto mmoja anayejulikana kuwa ndiye wa kazi hizo. Humtambui kwa nguo zake, maana siku ya Jumapili wote wamevalishwa vizuri. Ukitaka kumtambua, angalia nani anaamka kwanza.

Uchunguzi mwingine ulitoka mwaka 2017, wa Caitlin Brown, Martin Ravallion na Dominique van de Walle. Wao walichukua nchi 30 za Afrika na kuuliza swali jepesi: je, watoto wenye utapiamlo tutawapata tukienda kwenye nyumba maskini zaidi? Walichokuta ni kwamba kama robo tatu ya watoto hao, pamoja na wanawake wenye uzito pungufu, hawakuwa katika moja ya tano ya kaya zilizo chini kabisa. Karibu nusu yao hawakuwamo hata katika asilimia 40 ya chini. Walikuwa katika nyumba za kawaida. Nyumba zenye baiskeli, zenye bati, na bila shaka nyingine zenye Biblia juu ya meza.

Sababu si ubaguzi wa mezani peke yake, tusiwaonee watu. Yamo maji machafu, malaria, mama anayerudi shambani wiki chache baada ya kujifungua, na kutojua kwamba ndizi au ugali bila maharage, dagaa au maziwa haumkuzi mtoto. Iringa ni mkoa unaolisha wengine mahindi, na Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa mwaka 2022 uliukuta na udumavu wa asilimia 57 hivi kwa watoto wa chini ya miaka mitano, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 30. Ghala limejaa na mtoto amedumaa. Jambo hilo linapaswa kutusumbua sisi tunaoimba nyimbo za mavuno madhabahuni pamejaa magunia.

Najua mahali hapa baadhi ya wasomaji wameanza kuchoka. Kanisa, wanasema, liliitwa kuhubiri na kuomba. Takwimu tuwaachie wa takwimu.

Someni Matendo ya Mitume sura ya 6. Kanisa halijamaliza hata miaka michache tangu Pentekoste, linakula pamoja, linauza mashamba na kugawana. Kwa kipimo cha nje hapakuwa na maskini kati yao. Kisha manung'uniko yakatokea: wajane wa wale waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgao wa kila siku. Tazameni vizuri malalamiko hayo yalihusu nini. Chakula kilikuwapo. Mgao ulikuwapo. Kilichogunduliwa ni kwamba ndani ya nyumba moja ya imani kundi moja lilikuwa likirukwa, na lilirukwa kwa sababu halikuwa la damu na la lugha ya waliokuwa wakigawa. Ni jambo lile lile walilolikuta Case na wenzake miaka karibu elfu mbili baadaye. Na mitume hawakuwajibu walalamikaji kwamba waombe zaidi. Walitenga watu saba wenye sifa njema, wakawawekea mikono, wakawakabidhi kazi ya kuhakikisha chakula kinafika. Mmoja wa wale saba alikuwa Stefano. Huduma ya meza haikumzuia kujaa Roho.

Nehemia naye alizunguka usiku kuukagua ukuta kabla hajawaambia watu neno lolote. Mchungaji wa kondoo mia asingejua mmoja amepotea kama hakuwa na desturi ya kuhesabu. Mimi nina wasiwasi kwamba katika sharika zetu tunajua vizuri zaidi mabati mangapi yamebaki kupauliwa kuliko tunavyojua watoto wangapi wa jumuiya zetu wanaishi kwa walezi.

Tena zipo habari njema katika tafiti hizi, na ingekuwa dhambi kuzificha.

Turudi Kagera, wilayani Muleba, mahali paitwapo Nshamba. Tangu mwaka 2003 mradi uitwao Kwa Wazee umekuwa ukiwapa wazee pensheni ndogo ya kila mwezi, wengi wao bibi wanaolea wajukuu yatima. Mwaka 2008 ilitolewa taarifa ya tathmini ambayo jina lake kwa Kiswahili lingekuwa "Chumvi, sabuni na viatu vya shule". Jina hilo lenyewe ni taarifa tosha. Mpe bibi fedha kidogo ya kutegemewa kila mwezi, naye atanunua chumvi ili mboga ilike, sabuni ili mtoto asichekwe, na viatu ili aende shule. Hakuna mtaalamu aliyemfundisha.

Mwaka 2010, katika wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulijaribu kutoa ruzuku kwa kaya maskini katika vijiji 40, na vijiji vingine 40 vikaachwa kwanza kwa ajili ya kulinganisha. Vijiji vilichaguliwa kwa bahati nasibu ili pasiwe na upendeleo. Watafiti waliporudi kupima, walikuta katika vijiji vilivyopata ruzuku watoto wenye viatu wameongezeka, kaya zilizojiunga na bima ya afya ya jamii zimeongezeka, na mifugo midogo kama kuku na mbuzi imeongezeka. Viatu vimetokea tena, mmeona. Huko ndiko ulikozaliwa mpango wa kunusuru kaya maskini ambao baadaye ulienea nchi nzima.

"Watanywea pombe." Kauli hii nimeisikia kwenye vikao vya kanisa mara nyingi kuliko kwenye vilabu vya pombe. Mwaka 2014 David Evans na Anna Popova walikusanya tafiti 19 kutoka mabara mbalimbali zilizolifuatilia jambo hilo hilo. Kwa ujumla, waliopewa fedha hawakuongeza matumizi ya pombe wala tumbaku. Wapo wanaonywea, kama walivyo wanaonywea mishahara. Lakini mzee wa kanisa anayezuia msaada wa nyumba 20 kwa sababu ya mlevi mmoja anajua watoto wa nyumba 19 watakula nini?

Kuna na suala la vituo vya yatima. Sikukuu ikikaribia, kwaya na vikundi vya akina mama hupakia mchele, mafuta na sabuni na kupeleka kituoni, picha zinapigwa. Sipingi. Vipo vituo vinavyopokea watoto waliookotwa ambao hawana mtu kabisa, na wanaovihudumia wanafanya kazi ya utakatifu. Ila walio wengi mno kati ya yatima wa nchi hii hawako vituoni, wako kwa ndugu. Na kumlea mtoto kituoni kuna gharama yake. Hesabu zilizofanywa Kagera miaka ya 1990 zilikuta inazidi dola 1,000 za Marekani kwa mwaka kwa mtoto mmoja, mara kadhaa ya gharama ya kuisaidia familia inayomlea. Mbali na gharama, mtoto aliye kwa bibi ana kibanja cha ukoo, ana lugha, ana makaburi ya wazazi wake. Gari la sikukuu limempita likienda kituoni, kwa sababu kituo kina kibao barabarani na bibi hana.

Na kabla ya yatima kuna mama. Utafiti uleule wa mwaka 2022 nilioutaja ulikadiria vifo vya uzazi kuwa 104 katika kila vizazi hai 100,000, wakati ule wa 2015/16 ulikadiria 556. Hata ukiruhusu makosa ya ukadiriaji, hilo ni badiliko la kutetemesha. Nyuma ya kila mama aliyenusurika pana watoto ambao hawatapungukiwa zile sentimita 2. Dawa za kufubaza virusi, zilizoanza kutolewa bure nchini mwaka 2004, zimefanya kazi hiyo hiyo kwa njia nyingine: zimewaacha akina mama hai. Kwa hiyo mwenyekiti wa jumuiya anayemsihi mwanamke mjamzito aende kliniki mapema, au anayemsindikiza jirani kuchukua dawa bila kumtangaza, anahudumia yatima ambao hawatakuwapo. Hospitali na zahanati za makanisa zinazohangaika kulipa wakunga zinastahili kukumbukwa kwenye sadaka kabla ya vipaza sauti vipya.

Kwa waliokwisha kufiwa, nadhani mahali ambapo kanisa lina nafasi kuliko serikali na kuliko Benki ya Dunia ni pale msibani. Sisi tupo. Tunazika, tunaimba, tunakusanya rambirambi, na jina la kila aliyetoa linaandikwa kwenye daftari na kiasi chake. Kisha matanga yanaanuliwa na kikao cha ukoo kinakaa. Ndani ya kikao hicho, mara nyingi kwa nusu saa tu, watoto hugawanywa: huyu aende kwa shangazi Mwanza, huyu abaki na babu, hawa mapacha wachukuliwe na yule mjomba mwenye duka. Mchungaji ameshaondoka. Yeye na wazee wa kanisa wangeomba kubaki, hata kwa kukaa kimya, ingekuwa vigumu zaidi kwa mtu kumchukua binti wa miaka 11 akiwa na hesabu ya mfanyakazi wa ndani kichwani. Na wangeweza kuuliza kile ambacho utafiti umetufundisha kukiuliza: kati yetu hapa, nani yuko karibu zaidi na mtoto huyu kwa damu na kwa moyo, na kama huyo ni bibi asiye na kitu, ukoo na usharika tutampa nini kila mwezi ili akae naye?

Mordekai alimchukua Esta, binti wa baba yake mdogo, ambaye baba na mama yake walikuwa wamefariki. Kitabu cha Esta kinasema hivyo katika sura ya 2. Tunapenda sana mwisho wa habari hiyo, taji na karamu. Mimi napenda zaidi aya ya 11 ya sura hiyo hiyo. Binti alipochukuliwa na kuingizwa katika nyumba ya kifalme, Mordekai alikuwa akipita mbele ya ua kila siku ili ajue hali yake. Mtoto alikuwa ameshatoka mikononi mwake, tena ameingia mahali pa wakubwa kuliko yeye. Bado alipita. Kila siku.

Hatuwezi kila siku, pengine. Lakini daftari la rambirambi lina kurasa tupu za mwisho. Yaandikwe humo majina ya watoto walioachwa, kila mmoja amekwenda kwa nani na wapi, na tarehe mbili: miezi sita tangu mazishi, na mwaka mmoja. Kama mtoto amekwenda mkoa mwingine, usharika wa huko una simu. Anayetumwa asiende mikono mitupu, wala asiende kama askari. Apeleke sukari na sabuni kwa mlezi, amshukuru, maana kulea mtoto wa mwingine ni mzigo na wengi wanaubeba bila mtu kuwaambia asante. Akishakunywa chai aulize mtoto yuko darasa la ngapi, na wa rika lake ndani ya nyumba hiyo wako la ngapi. Aulize nani anachota maji. Kama ni mdogo wa chini ya miaka mitano aombe kuiona kadi ya kliniki, aangalie ule mstari wa uzito unapanda au umelala. Na kama ana futi ya fundi cherehani mfukoni, awapime kimo watoto wote wa nyumba ile, wa kuzaliwa na wa kuletwa, mmoja baada ya mwingine ukutani, ili huyu mmoja asijione ametengwa.